Nane ya thelathini na moja

Zipu ilifumuka tukiwa wa pili kwenye foleni ya kuingia uwanjani. Na haikufumuka kidogo. Kichwa cha zipu kilitoka kabisa kikabaki mkononi mwa mtoto, sketi ikafunguka kuanzia kiunoni mpaka pajani. Akanionyesha kile kichwa kwenye kiganja kama mtu anayekuonyesha jino lililong'oka. "Anti," akasema, "imetoka."

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanjelwa, Mbeya, na ndiye ninayewafundisha watoto hawa mchezo wa washangiliaji. Sketi ile niliishona mwenyewe na zipu niliinunua mwenyewe, ya bei rahisi, maana sketi zilikuwa kumi na nne na hela ilikuwa ya sketi kumi. Sikuwa na wa kumlaumu. Nikachomoa sindano kwenye ukosi wa sweta (fundi asiyetembea na sindano ni fundi wa jina tu), nikamshona mtoto ndani ya sketi yake. Namaanisha hivyo hivyo: sketi na skintaiti ya ndani kwa pamoja, mishono mirefu ya kushikiza, uzi mweusi kwenye kitambaa cha njano, huku mtangazaji ameshaanza kuwaaga waliotutangulia. Uzi nikaukata kwa meno. Mtoto akaingia, akacheza, akarushwa, akadakwa. Shida ilikuja baadaye alipotaka kwenda msalani, tukazunguka uwanja mzima tunaulizia wembe.

Balaa za namna hiyo nazipenda. Zina mwanzo, zina sindano, na mwisho watu wanacheka. Leo lakini nataka kuandika pia ile ambayo haikuwa na sindano, kwa sababu juzi tumerudi kutoka Njombe na tangu turudi sijakaa sawa.

Kwanza niwaeleze sisi ni nani. Ni wasichana kumi na wanne wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, tunakutana Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi huku Ilomba, tunafanya mchezo wa washangiliaji. Wenyewe tunaita chia, kwa Kiingereza cheerleading. Wazazi wengine wanaita sarakasi, na mchungaji mmoja aliita disko mpaka alipokuja kukaa kwenye benchi akaona jasho lenyewe. Mchezo ulianzia Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1898, na aliyesimama mbele kuwaongoza watazamaji kupiga kelele alikuwa mwanamume, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell. Wanawake walikuja kuingia miaka ya 1920. Hiyo habari nawawekea akiba akina baba wanaosema binti zao wanafundishwa kukata viuno. Nikiona bado wamenuna naongeza kwamba mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi mchezo huu. Hapo wengi hukubali kununua raba.

Mimi mwenyewe sijawahi kucheza chia. Nilicheza halaiki. Kama umesoma shule ya msingi Mbeya na uwanja wa Sokoine umewahi kukuona umevaa bukta nyeupe na kitambaa chekundu mkononi, unajua ninachosema. Alitufundisha afande mstaafu mwenye filimbi, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: mwenzako akianguka usimtazame, mstari ufungwe. Tulikuwa mamia. Mtoto akizimia kwa jua, vijana wa Msalaba Mwekundu wanamtoa, wa nyuma anasogea mbele, na kule jukwaa kuu hakuna anayejua kitu. Nilikua naamini kwamba huo ndio ustadi wenyewe: balaa itokee, jukwaa kuu lisijue. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Vifaa vyetu ni vya kuungaunga. Pompomu tunazitengeneza kwa kuchambua viroba nyuzi kwa nyuzi, kwa sababu mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Zinawasha shingoni. Magodoro ya mazoezi ni viroba vilevile, tumejaza pumba za mpunga kutoka mashine moja ya kukoboa kule Uyole, nikashona midomo kwa uzi wa nailoni, tukavipanga na juu yake tukatandika turubai. Vikiwa vipya ni laini kama kitanda cha bibi harusi. Baada ya miezi mitatu pumba zinasagika kuwa vumbi, kiroba kinalala kama chapati, na kila mtoto akitua watu watatu wanapiga chafya. Hapo tunamwaga na kujaza upya. Sehemu zinakochezewa shoo hakuna pumba, ni turubai juu ya nyasi.

Shoo ya mashindano haitakiwi kuzidi dakika mbili na nusu. Muziki wetu una mapigo 144 kwa dakika, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata mapigo 360. Sisi tunahesabu moja mpaka nane kisha tunaanza upya, na kila fungu la mapigo manane tunaliita nane, yaani shoo ina nane 45. Kila nane nimeiandika kwenye daftari na kila moja ina kazi yake. Nane ya 12 wote wanaruka. Nane ya 20 wanabadilisha mistari. Nane ya 31 ni mnara: nguzo wawili wanashika miguu ya ndege, yaani msichana anayesimama juu, kwenye viganja vyao, usawa wa mabega, na mlinzi anasimama nyuma akishika vifundo vya miguu. Nguzo, ndege, mlinzi ni maneno ya watoto wenyewe, sikuyatunga mimi.

Mara ya kwanza muziki kukatika tulikuwa nane ya 19, kwenye bonanza la shule hapahapa Mbeya. Umeme ulienda katikati ya neno. Spika kubwa ikinyamaza ghafla, ule ukimya unaumiza masikio kuliko kelele zenyewe. Kumi na watatu waliganda. Kapteni hakuganda, na wala haikuwa ushujaa: yule mtoto ana tabia ya kucheza huku anahesabu kwa midomo. Nimemgombeza mara nyingi, nikimwambia anaonekana kama anatafuna. Siku hiyo midomo ikatoa sauti. "Tano, sita, saba, nane!" Wenzake wakamdaka kwenye moja.

Watazamaji wakafurahi, wakaanza kupiga makofi kutusaidia. Msaada wao nusura utuue. Umati ukipiga makofi kwa furaha haubaki pale ulipoanzia, kila nane unakimbia kidogo. Wa nyuma anamfuata wa mbele, wa mbele ana haraka, na kufika nane ya 24 watoto wangu walikuwa wanacheza kama wanakimbizwa na nyuki. Kuruka kwa haraka si hatari sana. Kujenga mnara kwa haraka ni hatari kweli, kwa sababu nguzo anahitaji mapigo mawili ya kukaza magoti kabla uzito haujamfikia, na mapigo mawili ya umati yalikuwa yameshakuwa moja na nusu. Kapteni akaacha kuhesabu kwa mdomo, akahesabu kwa kisigino. Alikuwa anakanyaga turubai kwa nguvu, polepole, kinyume na makofi ya uwanja mzima, na nikaona macho ya wenzake yanashuka moja baada ya jingine kwenye mguu wake. Mnara ulipanda kwa mwendo wa kisigino. Makofi yaliendelea na mambo yao.

Kwenye mashindano makubwa ya nje kuna kanuni: muziki ukikatika kwa hitilafu ya vyombo vya waandaaji, kikundi kinarudia shoo tangu mwanzo, ila majaji wanaanza kutoa alama pale ilipokatikia. Kwetu majaji walikuwa walimu watatu waliokaa kwenye kivuli cha mti, wakatutazama, wakatazamana, mmoja akapunga mkono kwamba endeleeni tu. Tulishika nafasi ya kwanza. Zawadi ilikuwa mpira wa miguu.

Tangu hapo nikaanza kile ambacho watoto wanakiita Jumamosi ya balaa. Mara moja kwa mwezi wanacheza shoo nzima na mimi naiharibu. Nazima muziki. Natupa pompomu miguuni mwao. Nammwagia mtu maji. Siku moja nilimvuta nguzo wa kulia kwa sweta nikamtoa nje nane mbili kabla ya mnara, wakabaki wanatazama ile nafasi kama familia inayotazama kiti cha marehemu. Tulikubaliana pale pale: kila mnara una mdogo wake. Wa mabegani ukishindikana, ndege anasimama kwenye mapaja ya wawili waliopiga goti. Na ule wa mapajani ukishindikana, anasimama chini na kunyoosha mikono juu, basi, nchi haijaanguka.

Kuna mengine tuliyajifunza kwa kugongana. Kitu kikidondoka hakuna kuinama, maana ukiinama mbele ya mtu anayerusha mguu utapata meno mapya. Anayepita hapo kwenye stepu yake anakisukuma nje kwa mguu. Na ukipotea katikati ya nane usihangaike kutafuta stepu, tafuta moja. Moja inakuja kila baada ya sekunde tatu na ushei. Ukienda kutafuta stepu iliyokwisha, unapotea mara mbili.

Sasa ile nyingine.

Kuna video maarufu ya msichana wa chia wa Marekani, Kristi Yamaoka, wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois. Machi 2006, kwenye mechi ya mpira wa kikapu, alianguka kutoka juu ya mnara, kama mita nne na nusu, akafikia kichwa. Mfupa mmoja wa shingo ulipata ufa. Wakamlaza kwenye machela, wakamfunga, na wakati anasukumwa kutoka nje bendi ya chuo chake ikapiga wimbo wao. Yule binti, amelala chali, akaanza kucheza kwa mikono. Ukumbi mzima ukasimama. Niliiona kwenye simu nikalia. Nikawaonyesha watoto, mara mbili, nikawaambia: mnaona moyo huo?

Mwaka jana tulicheza nje ya Mbeya, saa nne asubuhi. Turubai lilitandikwa mapema juu ya nyasi zenye umande. Sikulikagua. Ningepaswa kulivuta kwa mguu tu nione kama linateleza, ni kazi ya nusu dakika, lakini nilikuwa nabishana na mtu kuhusu viti. Kosa la pili nalo lilikuwa langu, tena nililifanya wiki mbili kabla. Nilimwambia mlinzi wetu kwamba nane ya 31 amenuna mno, majaji wanatoa alama za uso, ndege akishasimama na yeye atazame watu atabasamu. Mlinzi! Mtu ambaye kazi yake yote duniani ni kutomwondolea macho aliye juu.

Nane ya 31, pigo la tano, turubai likateleza chini ya mguu wa nguzo wa kushoto. Siyo sana, upana wa kiganja. Mlinzi alikuwa anawatabasamia majaji. Ndege akaja mbele, na badala ya kujikaza na kuwaachia walio chini wamdake kiunoni, akanyoosha mkono wa kulia kuitafuta ardhi. Kila mtu anafanya hivyo, mwili ndivyo unavyotaka, na ndiyo maana inabidi kufundishwa mpaka mwili usahau. Mkono ukafika kwanza, yeye akafuata.

Akainuka haraka sana. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele, pale kocha anapokaa, na daftari langu. Nikamwinulia dole gumba, halafu nikaweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo wangu nikazivuta juu: tabasamu. Akatabasamu. Zilikuwa zimebaki nane 14, sekunde 47 hivi. Alizicheza zote. Nane ya 38 alipanda tena mapajani na kunyoosha mikono, ila ulikwenda mmoja tu, wa kulia ukabaki umekumbatia tumbo, nami nikaandika kwenye daftari: *mkono wa kulia amesahau*. Ukurasa huo ninao bado.

Tukawa wa pili. Tulipoingia kwenye darasa walilotupa la kubadilishia nguo, nikashika mkono wake kumpongeza, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Juu kidogo ya kiganja palikuwa pameumuka kama andazi. Hospitali wakapiga picha, mfupa umepasuka, akafungwa hogo wiki sita.

Jumapili nikaenda kwao na mchele na sukari. Mama yake ananizidi miaka mingi, anauza ndizi na maparachichi Kabwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Akanipa stuli, akaniletea chai. Nikaanza hotuba yangu ya pole, niliipanga njia nzima kwenye bajaji, akanisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mimi nilikuwepo pale. Nilimwona anaanguka, nikasimama niende. Nikakutazama wewe, maana wewe ndiye unayejua. Ukaonyesha dole. Nikakaa."

Chai sikuimaliza.

Nilirudi nyumbani nikaitazama tena ile video ya Marekani, na safari hii nikaona kilichokuwepo siku zote. Yule binti alikuwa amefungwa kwenye machela. Shingo yake imeshikiliwa, wahudumu wamemzunguka, anatolewa nje. Kwake shoo ilikuwa imeshasimamishwa. Mikono tu ndiyo iliyokuwa inacheza. Mimi nilichukua picha ya mtu aliyehudumiwa nikaifundishia mtu wa kumtelekeza. Nikatafuta na kanuni za mashindano ya nje pia, nikakuta kwamba shoo inaweza kusimamishwa kwa sababu ya majeraha na waandaaji, au kocha wa kikundi, au aliyeumia mwenyewe. Na akishatolewa kwa kuumia harudi mpaka wahudumu wa afya wamruhusu. Aliyeumia mwenyewe! Afande wangu angeitupa filimbi chini. Lakini afande alikuwa na mamia, akitoka mmoja mstari unafungwa. Mimi nina kumi na wanne, na wanne kati yao wanabebana.

Kwa hiyo dole gumba nimelifuta. Nikikaa pale mbele siku hizi naweka mikono chini ya mapaja, nakaa juu yake. Tulihitaji neno la kusimamisha, neno ambalo halimo kwenye nyimbo zetu, nikawaachia wachague. Walijadiliana kutwa nzima, kulikuwa na mapendekezo ya kipuuzi kabisa, wakaishia kwenye "shusha", kama abiria wa daladala. Anayelisema ni mlinzi, au mtu yeyote anayeumia, na likishasemwa hakuna kuuliza kwa nini: ndege anashuka kwanza, maswali baadaye. Nami nikakubali mbele yao wote kwamba hata mimi sina mamlaka ya kubishana na shusha.

Yule binti alipofunguliwa hogo hakutaka tena kuwa ndege. Sikumshawishi. Akasema anataka kukaa nyuma, awe mlinzi. Ni mlinzi mbaya kwa alama za uso. Anatazama juu muda wote, kidevu kimesimama, mdomo umebana kama anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Sijamgusa.

Sasa Njombe. Watu wa Mbeya tunajiona tunaijua baridi mpaka tufike Njombe mwezi Julai. Tulilala kwenye madarasa, asubuhi ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba goli la upande wa pili halionekani, na watoto walikuwa wanatoa moshi mdomoni wakijifanya wanavuta sigara. Nikawapasha misuli kwa nusu saa nzima. Turubai nililivuta kwa mguu, pembe zote nne, nikalipigilia mambo mwenyewe. Zipu nilishabadilisha zote. Flashi nilibeba mbili. Yaani nilikuwa nimejipanga mpaka raha, halafu waandaaji wakachelewa, tukasimama kwenye foleni dakika arobaini bila masweta.

Walianza vizuri kuliko siku yoyote. Niliketi juu ya mikono yangu nikiwa na furaha ya wizi, ile ya kujua kwamba hii tunaichukua. Nane ya 30, nguzo wakashuka kuchukua miguu. Nane ya 31, moja, mbili, ndege anaanza kupanda, mnara umenyooka, mimi kutoka mbele siuoni una kasoro yoyote, ni mnara wa kwenye kalenda, na nasikia sauti kutoka nyuma yake:

"Shusha!"

Wakamshusha. Hawakubishana, hawakutazamana. Ndege akatua kwenye mapaja, akanyoosha mikono, akacheza mnara mdogo kana kwamba ndio uliopangwa, nane ya 32 wakaendelea. Ukimwuliza mtazamaji hakuona balaa. Lakini majaji wana karatasi, na kwenye karatasi mnara wa mapajani si mnara wa mabegani. Vikundi vilikuwa sita. Tulikuwa wa tano.

Nisiwadanganye, nilikasirika. Sikusema neno, lakini watoto wanaijua hasira ya mtu mzima hata akiwa anagawa mkate. Kwenye Kosta ya kurudi nilikaa mbele karibu na dereva nikatazama barabara. Tulipofika Makambako tukashuka kununua mahindi ya kuchoma. Upepo wa pale hauna adabu. Nikamsogelea mlinzi wangu, nikamwuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, aliona nini.

"Vidole vyake, Anti," akasema. "Nguzo wa kulia. Alikuwa ameshika kiatu lakini vidole havijafunga. Wewe ulikuwa mbele, ungeona mgongo wa kiganja tu."

"Mbona mwenyewe hakusema?"

Akainua mabega. "Alikuwa anatabasamu."

Nguzo wa kulia alikuwa amesimama pembeni ya gari, hindi lake la kuchoma limebanwa kwapani likimpa joto, anahangaika kufunga sweta. Nikaenda. Alikuwa anasukuma kifungo kwenye tundu na kidole kinateleza, anarudia, kinateleza. Nikamwambia nionyeshe mikono. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, na hapo yamepita masaa manne na zaidi tangu tutoke uwanjani. Akasema vimekuwa hivyo tangu asubuhi kwenye foleni, lakini haviumi, havina habari tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulikuwa tunaingia, Anti."

Nikamfunga mwenyewe. Ni sweta nililoshona vifungo vyake kwa mkono wangu, navijua vyote sita, nikaanzia shingoni nikashuka, bila kutazama, kwa sababu macho yangu hayakuwa tayari kutazama kitu. Nilipomaliza nikampigapiga mabegani nikamwambia apande garini, akae karibu na injini.

Akapanda ngazi moja, akageuka, akajitazama kifuani.

"Anti," akasema, "umeruka kimoja."